Tovuti Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Shule, saccos au hoteli ndogo ya pwani ikiamua kuwa na tovuti, haipiti siku nyingi kabla ya kuletewa orodha ya bei. Kampuni zinazohifadhi tovuti huzipanga huduma zao kwa ngazi: chini kabisa seva ya pamoja, kisha seva pepe, kisha seva nzima ya kukodi, na pembeni huduma za wingu. Mpangilio huo humfanya mnunuzi aamini kwamba kila anapopanda ngazi anapata kitu bora zaidi, na asipoweza kupanda anahisi amejinyima. Naona ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kinachobadilika sana kutoka ngazi moja hadi nyingine ni mgawanyo wa kazi: nani anasasisha programu, nani anaamka usiku mashine ikizimika, nani anaziba tundu la usalama lililotangazwa jana. Kwa taasisi nyingi ndogo za kwetu, zisizo na fundi wa kudumu, ngazi ya chini ndiyo sahihi, na akiba itakayopatikana iende kwenye mambo mawili ambayo orodha ya bei huyapitia juu juu: umiliki wa jina la tovuti na nakala za akiba.

Kwenye seva ya pamoja, kompyuta moja ndani ya kituo cha data hubeba tovuti za wateja wengi, pengine mamia, zikigawana prosesa na memori. Kila mteja hupewa folda yake na ukurasa wa kuendeshea mambo yake, mara nyingi cPanel, ambamo anafungua barua pepe za ofisi, anapakia mafaili na kuangalia nafasi iliyobaki. Mfumo endeshi na ulinzi wa seva ni kazi ya kampuni. Seva pepe ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyotengwa kwa programu maalumu hadi ikafanya kazi kama mashine kamili: memori yako haiguswi na jirani, nawe una mamlaka yote ya msimamizi. Mamlaka hayo ndiyo mzigo wenyewe. Seva mpya huanza kujaribiwa na programu za kubahatisha nywila muda mfupi tu baada ya kuunganishwa na intaneti. Ukifungua faili linaloandika majaribio ya kuingia, utaona mstari baada ya mstari wa majina yaleyale, root, admin, test, yakijaribiwa mchana na usiku. Asiyejua faili hilo liko wapi hajanunua usalama kwa kununua seva pepe. Amejitwika ulinzi ambao jana ulikuwa wa mtu mwingine.

Utaambiwa seva ya pamoja ni nzito. Kuna ukweli ndani yake: jirani akizidiwa na wageni, nawe unaweza kuchelewa, na yale matangazo ya “bila kikomo” karibu kila mara yana kikomo kilichofichwa kwenye masharti, cha idadi ya mafaili au matumizi ya prosesa. Lakini mara nyingi uzito unaolalamikiwa hautoki kwenye seva. Chukua ukurasa wa mwanzo wenye picha tano zilizopandishwa kama zilivyotoka kwenye simu, ukafikia megabaiti 5. Kwa msomaji mwenye laini ya megabiti 4 kwa sekunde, kuushusha tu ni sekunde 10, hata kama seva ni ya gharama kubwa kiasi gani. Punguza picha hizo hadi ukurasa uwe nusu megabaiti, na sekunde 10 zinakuwa moja. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haina ada ya kila mwezi. Kadhalika usalama: WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, huvamiwa zaidi kupitia programu-jalizi zilizopitwa na wakati, na programu-jalizi mbovu ni mbovu popote utakapoiweka.

Wapo wanaohitaji zaidi, na kuwaambia wabaki chini ni kuwadanganya. Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, wazazi na wanafunzi wa nchi nzima huingia kwa saa zilezile. Mzigo wa namna hiyo haubebeki kwenye folda ya seva ya pamoja. Duka la mtandaoni linalopokea malipo mfululizo, au mfumo ulioandikwa kwa programu ambazo seva ya pamoja haiziruhusu, nao una sababu ya kwenda kwenye seva pepe au wingu. Wingu hasa limetengenezwa kwa mzigo unaopanda na kushuka: unaongeza mashine saa ya kishindo, unazipunguza kesho yake. Ila bili nayo hupanda na kushuka, kwa kawaida kwa dola na kwa kadi ya benki, na kadi ikiisha muda bila mtu kugundua, huduma husitishwa. Taasisi inayopanga bajeti mara moja kwa mwaka inapaswa kulifikiria hilo kabla ya kusaini.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba kampuni kubwa haipotezi data. Ushahidi unakataa. Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti zikatoweka hewani. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi. Ambao nakala zao zilikuwa palepale walipoteza vyote viwili. Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikaa siku kadhaa bila huduma baada ya kosa la mpangilio kufuta mfumo wake kwenye wingu la Google. Nakala ulizokuwa umeziweka kwa kampuni nyingine zilisaidia kuurudisha. Mfuko huo ulikuwa na fedha za kununua ngazi ya juu kabisa, na bado ulihitaji nakala iliyo nje ya mikono ya kampuni iliyouhifadhi.

Kuna pia suala la mahali. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam inaweza kuendelea kufunguka kwa mteja wa Mwanza, kwa kuwa mawasiliano yao hayalazimiki kupita baharini. Kama wateja wako wako hapa, hiyo ni sababu nzuri ya kutafuta kampuni ya hapa, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaongeza uzito kwa anayetunza taarifa za watu. Hoteli ambayo wageni wake wanatoka Ujerumani itapima tofauti.

Kuhamisha mafaili kutoka kampuni moja hadi nyingine ni kazi ya siku moja au mbili. Jina la tovuti halihami hivyo. Likiwa limesajiliwa kwa jina la fundi na barua pepe yake, basi siku mnayokosana, au anayobadilisha namba, taasisi inabaki nje ya mlango wake yenyewe. Jina la .co.tz au .co.ke lisajiliwe kwa jina la taasisi, kwa anwani ya barua pepe isiyotegemea jina hilohilo. Nakala nayo ishushwe kila wiki hadi kwenye kompyuta ya ofisi au kwa kampuni nyingine, na angalau mara moja kwa mwaka ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye folda tupu. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba walikuwa wakihifadhi picha na kurasa, huku hifadhidata yenye majina ya wanachama na makala zote haikuwahi kunakiliwa.