Somo la Leo: Herufi H na Masanduku ya Michezo

Shikeni penseli, mwandike herufi H kubwa. Leo herufi hiyo ina kazi.

Kule Marekani wako watu wanaokusanya michezo ya video ya zamani, hasa ile ya Nintendo iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1985. Sanduku ambalo halijafunguliwa tangu kiwandani lina bei kubwa mno. Agosti 2021 sanduku moja la Super Mario Bros. liliuzwa kwa dola 2,000,000. Naye mnunuzi hathubutu kulifungua, maana akiichana nailoni thamani inapotea. Basi walaghai huchukua sanduku lililokwisha kutumika, wakalifunga upya kwa mashine ya dukani. Ndani mwaweza kuwamo mchezo wa bei ndogo, ama jiwe.

Utajuaje? Geuza sanduku, utazame mgongo wake. Masanduku ya kwanza kabisa yalifungwa kwa kibandiko tu, bila nailoni. Yaliyofuata, mengi yana mshono uliolala katikati ya mgongo, toka ubavu mmoja hata wa pili, ukakutana na mishono ya ubavuni. Tazama ulichoandika: ni H ileile! Mashine ya dukani hupitisha mshono pembeni tu, na mara nyingi nailoni yake ina vitundu vidogo vya kutolea hewa.

Lakini walaghai nao wanajua kusoma. Wako wanaotengeneza H. Kwa hiyo tazama pembe za sanduku. Zikiwa zimechakaa, na nailoni iliyo juu yake haina hata mkwaruzo, muulize muuzaji zilichakaa lini.