Ukurasa Unaojipakia Upya Hula Bando Kimyakimya

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na kasi ya mtandao ikashuka nchini mwetu.

Katika hali kama hiyo, yafaa kufahamu kwamba baadhi ya kurasa, hasa za habari na za matokeo ya michezo, hubeba agizo linalokiamuru kivinjari kuzipakia upya kila baada ya muda fulani. Mtandao ukiwa mzito, ukurasa uliopatikana kwa taabu waweza kutoweka ungali ukiusoma, na mahali pake pakabaki taarifa ya kushindwa kuunganishwa. Habari hukuipata, na bando limeliwa. Mchuuzi wa samaki pale Feri au mbeba mizigo wa Kariakoo, aliyenunua bando la siku moja, ndiye aumiaye zaidi.

Basi, funga kurasa usizozisoma, zima upakiaji wa picha, na hifadhi ukurasa uusome bila mtandao. Unapolipa kwa mtandao, usibonyeze tena kwa papara; hakiki kwanza ujumbe wa simu, kwani ombi laweza kutumwa mara mbili. Subira huvuta heri, na hapa huokoa fedha pia.