Etudi za Chopin: Mwanafunzi wa piano aliye mbali na mwalimu achague kitabu gani cha nota?

Kutoka Kampala hadi Arua ni safari ya takriban kilomita 500. Koboko, mji ulio karibu na mahali mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inapokutana, uko mbele zaidi kwa kilomita zipatazo 50. Kwa mwanafunzi wa piano, umbali huo una maana moja: kitabu cha nota hununuliwa bila kufunuliwa kwanza. Huagizwa kwa jina, hulipiwa, hupakiwa kwenye basi, na kinapofika ndicho hicho.

Kwa vitabu vya wanaoanza, jambo hilo halina madhara makubwa. Hali hubadilika mwanafunzi anapofikia etudi za Frédéric Chopin, kwa kuwa hapo jina moja la kitabu limebebwa na vitabu vingi visivyofanana. Viwili vyenye jina lilelile kwenye jalada vinaweza kutofautiana katika nota, alama za pedali, maelekezo ya kasi na, zaidi ya yote, namba za vidole. Anayejifunza bila mwalimu karibu hana wa kumwambia kipi kiliandikwa na Chopin na kipi kiliongezwa na mhariri miaka mingi baadaye. Kosa likishaingia mkononi kwa mazoezi ya miezi, kulitoa ni kazi kuliko kulijifunza.

Etudi ni nini?

Neno etudi limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya funzo. Ni kipande cha muziki kilichotungwa ili kumfundisha mpigaji kushinda ugumu fulani: kupiga nota mbilimbili kwa mkono mmoja, kuruka mbali kwenye vibao bila kukosea, au kuimarisha vidole dhaifu.

Chopin alichapisha etudi 12 mwaka 1833, zinazojulikana kama Opus 10, akazitunuku kwa rafiki yake Franz Liszt. Nyingine 12, Opus 25, zilitoka mwaka 1837. Baadaye aliandika tatu zaidi kwa ajili ya kitabu cha mafunzo cha Ignaz Moscheles na François-Joseph Fétis, na jumla yake ikawa 27. Kabla yake, watunzi kama Carl Czerny na Johann Baptist Cramer walikuwa wameandika etudi nyingi, na hadi leo wanafunzi wengi hupitia kwao kwanza. Alichofanya Chopin ni kulifanya zoezi la vidole liwe muziki kamili unaostahili jukwaa.

Kwa nini kitabu kimoja kina sura nyingi?

Chanzo chake ni biashara. Katika miaka ya 1830 hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyolinda kazi ya mtunzi nje ya nchi moja. Kazi iliyochapishwa Paris pekee ingeweza kuigwa na kuuzwa Ujerumani bila mtunzi kupata chochote. Kwa hiyo Chopin aliuza kazi zake kwa wachapishaji wa nchi tatu kwa wakati mmoja: Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Etudi za Opus 10 zilitolewa na Schlesinger mjini Paris, Kistner mjini Leipzig na Wessel mjini London.

Wachapishaji hao hawakufanyia kazi karatasi moja. Kulikuwa na miswada ya mkono wa Chopin, nakala zilizoandikwa na watu wengine, na kurasa za majaribio zilizosahihishwa kabla ya kuchapishwa. Kitabu cha London kiliongezewa hata namba za vidole na Julian Fontana, rafiki wa Chopin. Tangu mwanzo, basi, sauti ya mtunzi ilichanganyika na sauti za wengine.

Chopin mwenyewe naye hakuacha kubadili mawazo. Mfano unaojulikana sana ni etudi ya tatu ya Opus 10, yenye wimbo wa taratibu unaopendwa duniani kote. Katika mswada wake aliandika kwamba ipigwe kwa uchangamfu, lakini si mno. Kitabu kilipochapishwa, maelekezo yalikuwa ipigwe polepole, lakini si mno. Hata baada ya uchapishaji aliendelea kuandika kwa penseli katika vitabu vya wanafunzi wake, miongoni mwao Jane Stirling na Camille Dubois.

Aliyewahi kusikia wimbo mmoja wa ibada ukibadilika kidogo kutoka kwaya moja hadi nyingine ataelewa shida hiyo. Tofauti ni kwamba hapa mabadiliko yameandikwa, na kila mhariri amelazimika kuamua afuate lipi.

Matoleo makuu na tabia zake

Kundi la kwanza ni matoleo yanayoitwa Urtext, neno la Kijerumani lenye maana ya matini asilia. Wahariri wake hulinganisha miswada na machapisho ya kwanza, kisha hutoa matini iliyo karibu na alichokusudia mtunzi, huku wakieleza walikofanya uamuzi. Kampuni ya Henle ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1948, ni maarufu kwa kazi hiyo. Jingine ni Toleo la Kitaifa la Poland, lililosimamiwa na mpiga piano Jan Ekier na kukamilika mwaka 2010. Hilo ndilo toleo ambalo washiriki wa Mashindano ya Chopin mjini Warsaw hushauriwa kulitumia.

La pili ni toleo linalobeba jina la Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Poland. Paderewski alifariki mwaka 1941, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Ludwik Bronarski na Józef Turczyński. Lilitumika kwa miongo mingi na bado linapatikana kwa wingi. Lawama inayotolewa dhidi yake ni kwamba wakati mwingine huchanganya vyanzo kadhaa ili kupata matini moja iliyonyooka, ingawa maelezo ya nyuma ya kitabu huonyesha mengi ya maamuzi hayo.

La tatu ni la Karol Mikuli, aliyekuwa mwanafunzi wa Chopin. Lilitoka mwaka 1879 na limechapishwa upya mara nyingi. Thamani yake ni kwamba mhariri alimsikia mwalimu wake akipiga. Udhaifu wake ni kwamba msomaji hawezi kila mara kujua lipi ni la mwalimu na lipi ni la mwanafunzi.

La nne ni la Alfred Cortot, mpiga piano Mfaransa aliyefariki mwaka 1962. Hili ni toleo la kufanyia kazi. Kabla ya kila etudi, Cortot anaeleza ugumu wake uko wapi, kisha anautenganisha katika mazoezi madogomadogo ya kuutayarisha mkono.

Kitabu katika nafasi ya mwalimu

Washauri wengi wa muziki husema: nunua Urtext. Ushauri huo ni mzuri, lakini unachukulia kwamba kuna mwalimu wa kukaa kando ya mwanafunzi na kumwonyesha njia. Mwanafunzi wa Kampala anaweza kumpata mwalimu huyo. Wa Koboko mara nyingi hana, na kitabu chake hulazimika kufanya kazi mbili: kumpa matini ya kuaminika, na kumfundisha mkono wake namna ya kuipiga. Ni nadra kitabu kimoja kufanya zote mbili vizuri.

Namba za vidole zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Katika etudi ya pili ya Opus 10, vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kulia hukimbia juu na chini bila kupumzika, huku kidole gumba na cha shahada vikigusa nota nyingine. Chopin aliandika namba za vidole kwa wingi katika etudi hiyo, kwa sababu namba hizo ndizo somo lenyewe. Mhariri akiziondoa na kuweka zake bila kusema, amekiacha kipande na kulifuta funzo. Toleo zuri la Urtext hutofautisha namba za Chopin na za mhariri kwa mtindo wa maandishi, na utangulizi hueleza zipi ni zipi. Utangulizi huo haufai kurukwa.

Kwa upande mwingine, Urtext haimwambii mwanafunzi afanye nini mkono unapokataa. Hapo ndipo Cortot anapofaa. Maelezo yake yaliandikwa kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza ipo. Katika West Nile hilo lina faida yake: wapo wakazi wengi wa Arua na Koboko waliosoma upande wa Congo, kwa Kifaransa, wanaoweza kumsomea kijana wa nyumbani kurasa hizo hata kama wao hawajui nota.

Tahadhari ni moja. Maoni ya Cortot kuhusu hisia na kasi ni ya Cortot. Mazoezi yake yachukuliwe kama mazoezi, na matini isomwe kwingine. Mkono ukiuma, mazoezi yasimame: maumivu ni ishara kwamba njia inayotumika si sahihi, na hakuna namba ya kidole iliyo amri kwa kila mkono.

Nakala za bure na sheria

Chopin alifariki mwaka 1849, na muziki wake haumilikiwi tena na mtu yeyote. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006, ina machapisho ya kwanza ya etudi hizo pamoja na matoleo ya zamani kama la Mikuli, na mtu anaweza kuyapakua bila malipo.

Hata hivyo, kazi ya mhariri ina haki zake. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, ilhali nchi za Umoja wa Ulaya hutumia miaka 70. Ndiyo sababu maandishi ya Cortot bado yanalindwa Ulaya hata pale ambapo kipimo cha miaka 50 kimekwisha kupita. Matoleo mapya ya Henle na la Ekier si ya kurudufiwa bila idhini.

Anayechapisha nakala ya bure katika duka la fotokopi aangalie pia ukubwa wa karatasi. Kurasa za Henle, kwa mfano, zina sentimita 23.5 kwa 31, wakati karatasi ya kawaida ya A4 ina 21 kwa 29.7. Ukurasa ukipunguzwa, vitu vya kwanza kufifia ni namba za vidole na alama za kupandisha au kushusha nota. Nakala ya nakala huzipoteza kabisa. Ni bora kuchapisha kutoka kwenye faili lenyewe, kisha kukagua kila ukurasa kabla ya kuondoka dukani.

Pale ambapo hakuna la kuchagua

Si kila etudi ina matoleo mengi. Etudi 18 za György Ligeti, aliyefariki mwaka 2006, bado zinalindwa na sheria, na huchapishwa na kampuni ya Schott ya Ujerumani. Hapo kinachobaki ni kununua au kuacha.

Lakini etudi hizo zina uhusiano na Uganda. Ligeti alivutiwa na midundo ya Afrika, ukiwemo uchunguzi wa Gerhard Kubik kuhusu amadinda, marimba ya Buganda. Kubik alijifunza ala hiyo kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka. Katika amadinda, wapigaji huingiliana kwa kasi hadi sikio linasikia tuni ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Mwanafunzi wa Uganda anayefungua kitabu hicho hakutani na jambo geni kabisa.

Mitihani inataka toleo gani?

Baraza la mitihani la ABRSM la Uingereza, linalofahamika Afrika Mashariki, kwa kawaida hutaja toleo kama mwongozo tu, na mtahiniwa anaweza kutumia jingine. Kwa vipande vilivyopangwa upya kutoka ala nyingine, toleo lililotajwa ndilo la lazima. Tangu mwaka 2020 baraza hilo limekuwa likipokea mitihani ya upigaji kwa video, hivyo mtahiniwa anaweza kujirekodi bila kusafiri. Mtaala wa mwaka husika usomwe kabla ya kuagiza chochote.

Kwa ufupi

Mwenye mwalimu atosheke na Urtext moja, ya Henle au ya Ekier. Asiye na mwalimu atahitaji vitabu viwili: Urtext ya kusoma matini, na Cortot wa kuongoza mkono. Fedha zikitosha kitabu kimoja tu, anunue Cortot, kisha apakue chapisho la kwanza la bure na kuliweka kando yake. Vitabu hivyo viwili vikitofautiana, hapo ndipo mahali pa kusimama na kuuliza ni nani anayesema.

Wakati wa kuagiza, jina la Chopin pekee halitoshi. Ataje pia jina la mhariri, la mchapishaji, na namba ya opus. Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa safari nzima ya basi.