Chai ya Alasiri ya Waingereza, Meza Iliyomtoa Jasho Kadeti

Yapata miaka kumi na miwili iliyopita, tulipokuwa bado makadeti, tuliamriwa siku moja tupige pasi sare zetu za sherehe, kwani saa kumi alasiri tungekunywa chai pamoja na wageni, maafisa wa kutoka Uingereza waliokuja kuitazama shule. Habari hiyo tuliipokea kwa furaha. Tangu alfajiri tulikuwa tumekimbia na mizigo mgongoni, na kadeti akisikia neno chai, husikia pia neno mkate.

Tulipoingia katika mesi ya maafisa, furaha ikapungua. Mezani palikuwa na vikombe vyembamba hata mwanga unapenya, sahani zilizopangwa kwa ghorofa tatu juu ya kinara kimoja, na vipande vya mkate vyenye upana wa vidole viwili. Mmoja wetu, kijana shupavu aliyezoea kutuongoza porini usiku kwa ramani na dira bila kupotea, alichota vipande saba kwa mara moja. Kisha, kwa kuwa chai ilikuwa ya moto, akaimimina katika kisahani, akaipuliza, akanywa. Wageni hawakusema neno. Aliyesema ni mkufunzi wetu, na alisema mbele ya watu wote. Mwisho wa muhula taarifa ya mwenzetu iliandikwa kwamba hajui kukaa na watu, na maneno hayo yakamfuata kutoka kikosi hadi kikosi kwa muda wa miaka.

Ndipo tukaazimia kuichunguza chai hii, tujue imetoka wapi na kanuni zake zimetungwa na nani. Tuliyoyapata twawaandikia leo ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa kila mwaka wako wanaopelekwa ng'ambo kwa mafunzo, na wako wanaoalikwa katika balozi mjini Kampala. Kadi ya mwaliko haielezi kisahani ni cha kazi gani. (Chai tunayoizungumza hapa, wenzetu wa usalama barabarani wasitaharuki, ni ile ya majani.)

Jambo la kwanza lililotushangaza ni uchanga wa desturi yenyewe. Mwingereza wa leo hunywa chai kana kwamba babu yake Adamu aliinywa, lakini majani hayo yalifika kwao kutoka China katika karne ya 17. Mfalme Charles wa Pili alipomwoa Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno, mwaka 1662, bibi huyo alikuja na mazoea yake ya kunywa chai, na wakubwa wa ikulu wakamwiga. Bei yake ilikuwa kubwa mno. Bibi wa nyumba aliyahifadhi majani katika kisanduku chenye kufuli, na ufunguo alikaa nao mwenyewe.

Serikali nayo ikatoza kodi, na kodi ikapanda hata ikapita thamani ya bidhaa yenyewe: kufikia mwaka 1784 ilikuwa asilimia 119. Wenzetu wa polisi na wa forodha wataweza kukisia yaliyofuata. Pwani za Uingereza zilijaa magendo ya chai. Walanguzi hawakuridhika na kukwepa kodi tu, bali waliyachanganya majani ya chai na majani ya miti mingine yaliyokaushwa na kutiwa rangi, na yako maandishi ya wakati ule yanayoeleza jinsi samadi ya kondoo ilivyotumika katika kazi hiyo. Mwaka huo wa 1784 Waziri Mkuu William Pitt aliipunguza kodi hadi asilimia 12 na nusu. Magendo yakadhoofika, kwani hayakuwa na faida tena, na chai ikashuka hadi kwa watu wa kawaida.

Hata hivyo, chai ya alasiri kama tuliyokutana nayo katika mesi ilikuwa haijazaliwa bado. Mwanzo wake husimuliwa kuwa yapata mwaka 1840, na sababu yake ni njaa. Katika nyumba za wakubwa chakula cha usiku kilikuwa kimesogezwa hadi saa mbili, au hata saa tatu, ilhali chakula cha mchana kilikuwa kidogo. Bibi Anna, mke wa Duke wa Bedford, aliyekuwa amemtumikia Malkia Victoria katika ikulu, alijisikia kuzimia kila ifikapo alasiri, akawa anaagiza aletewe chumbani chai, mkate na siagi. Baadaye akaanza kuwaalika marafiki zake. Desturi ikaenea, wanawake wakaishonea mavazi yake maalumu, na watengenezaji wa vyombo wakatajirika. Kwa hiyo heshima yote ile iliyotutoa jasho ilianza kwa mama mmoja aliyeshindwa kuvumilia njaa hadi usiku. Sisi makadeti tulikuwa na haki ya kumwelewa kuliko mtu yeyote.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Wengi hudhani kwamba chai ambayo kwa Kiingereza huitwa "chai ya juu" ni chai ya watu wa juu. La hasha. Chai ya mabibi ilinyweka sebuleni, kwenye viti vya kuegemea na meza fupi. Ile "ya juu" ilikuwa chakula cha jioni cha mfanyakazi wa kiwandani au mgodini, aliyerudi nyumbani akaketi kwenye meza ndefu ya kulia, akaletewa nyama, jibini, mkate na chai nzito. Askari akialikwa kwenye hiyo, aende na njaa yake yote.

Tuje sasa kwenye sahani zenyewe. Ile ya chini huwa na sandwichi, ya kati skonzi, na ya juu keki na vitu vitamu. Nawe hula kwa kupanda, kutoka chini kwenda juu. Sandwichi imepewa jina la Lord Sandwich wa karne ya 18, ambaye husimuliwa kwamba aliagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asiondoke kwenye meza ya karata. Bwana huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa wizara ya jeshi la wanamaji Waingereza walipokuwa wakipigana na makoloni yao ya Amerika, na vita hiyo walishindwa. Sandwichi iliyo maarufu kuliko zote kwa chai ya alasiri ni ya tango. Mkate mweupe hukatwa mwembamba na kupakwa siagi hadi ukingoni, ili maji ya tango yasiuloweshe. Tango humenywa, hukatwa jembamba kama karatasi na kutiwa chumvi kidogo. Mwisho maganda ya mkate huondolewa. Haishibishi, wala haikukusudiwa kushibisha. Tajiri alikuwa akionyesha kwamba anaweza kula kitu kisichomwongezea nguvu. Nyingine huwa na yai, au samaki aliyekaushwa kwa moshi, au nyama ya nguruwe yenye haradali, na kwa sababu hiyo ndugu zetu Waislamu waulize kabla ya kuchukua. Hakuna Mwingereza atakayeona vibaya.

Skonzi nayo isitudanganye kwa jina. Si ile ya dukani kwetu, mkate mdogo mtamu uliotiwa hamira. Skonzi yao ina asili ya Scotland, na hufanywa kwa unga wa ngano, siagi na maziwa, ikaumuliwa kwa ule unga mweupe wa kuumulia keki ambao Mwingereza Alfred Bird aliutengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe, aliyedhurika kwa hamira. Huliwa ingali na joto. Huipasui kwa kisu kama unayechinja, bali huimega kwa mikono katika sehemu mbili, kila sehemu ukaipaka jamu ya stroberi na malai mazito yaliyogandishwa kwa kuchemsha maziwa polepole na kuyaacha yapoe kwa saa nyingi. Hapo pana ugomvi ambao mgeni asijiingize. Watu wa Devon hutanguliza malai, jamu ikafuata. Watu wa Cornwall, majirani zao, hutanguliza jamu. Kila upande huuona ule mwingine kuwa wa washenzi. Sisi tumejaribu njia zote mbili, na ulimi wetu haukugundua tofauti.

Za keki tutazipita upesi. Mashuhuri ni ile ya tabaka mbili yenye jamu katikati, iliyopewa jina la Malkia Victoria.

Kanuni za kukaa mezani ni chache kuliko gwaride, na hujifunzika kwa siku moja. Mtu mmoja ndiye amiminaye chai, naye kabla ya kushika buli huuliza kwa mzaha, hata akiwa kanali mwenye masharubu, "Je, niwe mama?" Kijiko hakigongi kikombe, na baada ya kukoroga hulazwa kwenye kisahani nyuma ya kikombe. Ukiwa kwenye meza ya kulia, kisahani hubaki mezani. Ukiwa sebuleni, mbali na meza, huinuliwa pamoja na kikombe hadi usawa wa kifua. Kidole kidogo hakisimamishwi hewani. Wengi wetu tumeona hayo katika sinema, lakini Waingereza wenyewe humcheka afanyaye hivyo.

Juu ya maziwa, kwamba yatangulie au yafuate, wamebishana muda mrefu. Wako wasemao kwamba maskini alitanguliza maziwa ili kikombe chake cha bei rahisi kisipasuke kwa moto wa chai, na kwa hiyo mtangulizaji maziwa alitambulikana kuwa mtu wa chini. Mwandishi George Orwell, ambaye kabla ya kushika kalamu alikuwa afisa wa polisi huko Burma kwa takriban miaka mitano, aliandika gazetini mwaka 1946 kanuni 11 za kutengeneza chai. Alishikilia kwamba chai itangulie ndipo mtu apime maziwa vizuri, na kwamba sukari ni uharibifu. Katika hilo la sukari, kituo chochote cha polisi cha nchi yetu kitampinga kwa kauli moja.

Sukari yenyewe ina habari yake. Ile iliyotiwa katika vikombe vya mabibi wa karne ya 18 ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilipokataa kuipiga marufuku biashara ya watumwa, maelfu ya familia zilikataa kutia sukari hiyo katika chai, na walioongoza nyumbani walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na kura. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1807.

Na kisahani je? Hapo ndipo tuliposimama, tukasoma mara mbili. Vikombe vya kwanza vilivyotoka China havikuwa na mkono wa kushikia, na Waingereza wengi wa karne ya 18 walimimina chai yao katika kisahani ipoe, wakanywea humo bila aibu. Baadaye wakubwa waliiacha desturi hiyo, ikabaki kwa wazee na watu wa mashambani, hatimaye ikahesabiwa kuwa ukosefu wa adabu. Kosa la mwenzetu lilikuwa ni kuchelewa miaka mia mbili.

Askari wa Kiingereza, kwa upande wake, hakuwa na habari na tango wala malai. Chai yake ni ya kopo, nzito, yenye maziwa na sukari tele. Katika vita vya jangwani vya miaka ya 1940 askari wao waliikata debe la petroli, wakalijaza mchanga nusu, wakaumwagia mchanga petroli na kuuwasha, juu yake wakabandika maji. Jiko hilo waliliita kwa jina la mji wa Benghazi. Nyumbani chai iliwekwa katika mgawo tangu Julai 1940, kiasi cha gramu 57 kwa mtu kwa wiki, na mgawo haukuondolewa hadi mwaka 1952.

Lakini kupenda chai kulikuwa na hatari yake. Ili kuichemsha, askari wa vifaru walilazimika kutoka nje ya chuma chao. Uchunguzi uliofanywa baada ya vita ulionyesha kwamba katika miezi ya mwisho ya mapigano ya Ulaya zaidi ya theluthi ya hasara ya watu katika vikosi vya vifaru iliwapata wakiwa nje ya magari yao. Si wote waliotoka kwa ajili ya chai, bila shaka. Hata hivyo kifaru cha Centurion, kilichotoka mwaka 1945, kiliwekewa ndani chombo cha umeme cha kuchemshia maji, na magari ya kivita ya Waingereza yameendelea kuwa nacho hata leo.

Mwaka jana tulipita kambini kwa yule mwenzetu wa kisahani, ambaye sasa ni meja. Tulimkuta chini ya mwembe, akatukaribisha chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Majani yalikuwa ya Bushenyi. Na tukamweleza kwamba majani kama hayo huuzwa mnadani Mombasa, yakaingia katika pakiti za ng'ambo yakiwa yamechanganywa na ya nchi nyingine, jina letu lisionekane, na kwamba huenda hata wale wageni wa siku ile walikuwa wameyanywa kwao miaka mingi. Tukamsimulia pia habari ya vikombe visivyo na mkono. Alicheka hata akaweka kikombe chini. Kisha akauliza kwa makini, kama aulizavyo katika mkutano wa amri, "Hivyo vifaru vyetu, ndugu yangu, vina birika?"

Tukamjibu kwamba swali hilo aliandikie ofisi ya vifaa. Akamimina chai katika kifuniko cha chupa, akaipuliza.