Jino Hujengwa Gizani

Mama amtazamapo mtoto wake mchanga kinywani, haoni jino hata moja. Asidhani kwamba ufizi ule ni mtupu. Chini yake kazi kubwa inaendelea, nayo ilianza mtoto alipokuwa tumboni, karibu na juma la 6.

Miili yetu imejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo zenye uhai zisizoonekana kwa macho matupu. Jino huanza kwa seli za namna mbili zilizo jirani: za ngozi ya kinywa, na zile zilizo chini ya ngozi hiyo. Seli hazina ulimi wala masikio, lakini hupelekeana habari kwa njia ya protini. Kwanza ngozi hutoa ishara. Seli za chini huipokea, kisha hujibu. Kwa kujibizana hivyo huamuliwa mahali pa jino, na kama litakuwa chonge au gego.

Halafu seli za chini hutengeneza dentini, ndiyo mwili wa jino. Dentini ikisha kuanza kuwekwa, seli za ngozi hupata amri ya kuifunika kwa enameli, gamba lililo gumu kupita mfupa. Katika uzito wake, karibu sehemu 96 kwa 100 ni madini. Lakini mafundi wa enameli hufa kabla jino halijatokeza. Kwa hiyo enameli iliyoharibika haioti tena.

Sasa tufikiri juu ya desturi moja ya hatari. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto mchanga akiwa na homa au akihara, watu huona uvimbe mweupe ufizini, penye chonge, wakasema ni jino la uongo. Uganda huitwa ebiino. Tanzania, meno ya plastiki. Hulichimba kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli.

Kumbe, hilo ni jino la kweli! Ni laini kwa sababu seli zake hazijamaliza kazi. Mwenye kulichimba aweza kuharibu pia chipukizi la jino la ukubwani lililo karibu, likaota limepinda au lisiote kabisa. Wako watoto waliokufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda vilivyooza. Na ugonjwa wenyewe haukupona.

Enyi wazazi, mtoto akihara, mpelekeni dispensari upesi, wala msiache kumnyonyesha. Ufizi wake msiuguse: jino litatokeza kwa wakati wake.