Bei ya mbaazi hewani: siri huvujia wapi?

BABATI – Wafanyabiashara wa mbaazi, mahindi na alizeti mjini hapa wanapoulizana bei na mawakala wao walioko Magugu, Galapo au Dareda, habari hiyo hupita hewani kabla ya kumfikia mhusika. Mawimbi hayachagui msikilizaji, na katika biashara ya mazao anayejua bei ya mwenzake mapema ndiye anayewahi mzigo.

Thamani ya habari ilionekana Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje. Bei nchini Tanzania ilianguka. Aliyepata habari mapema aliweza kunusuru mtaji. Aliyechelewa alibaki na magunia ghalani.

Enzi za simu za upepo, yeyote aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia kila neno. Simu za mkononi za kizazi cha pili (2G) zilileta ulinzi wa kufumba mazungumzo, lakini Desemba 2009 mtaalamu wa Ujerumani, Karsten Nohl, alionyesha kuwa fumbo lake, A5/1, linaweza kuvunjwa. Mitandao ya 3G na 4G ina ulinzi imara zaidi. Hata hivyo, kitochi cha 2G bado hutegemea mfumo ule wa zamani.

Ipo njia nyingine, ya kulinda siri kwenye mawimbi yenyewe. Mwaka 1975 Aaron Wyner, wa maabara za Bell nchini Marekani, alithibitisha kwa hesabu kwamba ikiwa mpokeaji halali anasikia vizuri kuliko mdukuzi, tofauti hiyo inaweza kubeba siri bila ufunguo wowote. Penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya wimbi hubaki robo. Mtumaji anaweza pia kuelekeza makelele upande asiko mteja wake.

Aidha, mawimbi hugonga mlima Kwaraa, mapaa ya mabati na malori, kisha hurudi kwa njia nyingi. Simu na mnara vikitumia masafa yale yale, vyote viwili hupima mwangwi ule ule na kutengeneza ufunguo wa pamoja. Kwenye masafa ya megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimita 33. Penye mwangwi mwingi, aliye umbali wa sentimita 17 tu hupata vipimo tofauti.

Kasoro ni kwamba mtumaji hajui mdukuzi amesimama wapi. Akiwa karibu na antena kuliko mteja, faida ya Wyner hutoweka. Ndiyo maana teknolojia hii bado iko zaidi kwa watafiti, wakiwemo wa 6G, nayo huongezwa juu ya fumbo bila kuliondoa. Mwekezaji mdogo anayeletewa chombo “kisichosikika kabisa” aulize kwanza: kilijaribiwa mdukuzi akiwa karibu kuliko mteja?

Hakuna wimbi, kadhalika, linalomzuia mtu kutaja namba yake ya siri kaunta, au kutii ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu udukuzi, lakini mtaji ukishahamishwa kuurudisha ni kazi. Kabla ya kutuma fedha, mpigie wakala kwa namba unayoijua.