Petroli Imekwama Wapi?

Gari la zamani lenye kabureta likianza kumisi mlimani au kuzimika kwenye foleni, kabureta ndiyo hushitakiwa kwanza. Fundi huifungua, huipuliza na kuirudisha. Gari linawaka, mteja analipa, na baada ya siku chache hali inakuwa ileile. Mara nyingi kabureta haikuwa na kosa lolote: petroli haikuifikia.

Uzuri wa magari haya ni kwamba njia ya petroli, kutoka kwenye tangi hadi kwenye silinda, ni fupi na haina kompyuta. Kila kituo hukaguliwa kwa macho, pua, masikio na mkono, mradi mkaguzi asiruke hatua.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, gari lililotengenezwa hadi mwaka 2003, kwa idadi iliyozidi milioni 21, na ambalo lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Tangi lake liko mbele, injini iko nyuma. Petroli hupita katika bomba jembamba la chuma lililofichwa chini katikati ya gari, ikivutwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Kila ncha ya bomba hilo imeungwa kwa mpira mfupi, na mpira uliozeeka ni mahali pa kwanza pa kutilia shaka.

Kabla ya kushika spana, lipo swali moja la kujibu: kinachokosekana ni petroli au ni moto wa plagi? Jibu hupatikana injini ikiwa imezimwa na imepoa. Filta ya hewa huondolewa, kisha mtu huchungulia mdomo wa kabureta huku akivuta kwa mkono kile kiwiko kinachovutwa na waya wa akselereta. Kabureta nzima hurusha uzi mwembamba wa petroli papo hapo. Uzi huo ukionekana, chemba ya floti ina mafuta, na uchunguzi uhamie kwenye platini, koili na plagi. Pakiwa pakavu, petroli imekwama njiani.

Hapo mpira unaoingia kwenye kabureta huchomolewa na kuelekezwa ndani ya chupa. Waya wa koili hutolewa ili pasitokee cheche, kisha msaidizi anapiga stata. Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka kwa unyonge, mpira wa upande wa pili wa pampu nao huchomolewa. Kwenye Beetle, petroli inapaswa kushuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Ikigoma, kuna kutu au uchafu ulioziba tangi, bomba au filta. Ikishuka vizuri, basi mwenye kosa ni pampu.

Lakini hata pampu mpya inaweza kusumbua. Ya Beetle husukumwa na kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini. Vijiti hivyo viko vya urefu wa aina mbili: milimita 108 kwa injini za dainamo, na milimita 100 kwa zile za baadaye zenye alteneta, ambazo pampu yake ni tofauti. Dukani vinafanana. Aliyechanganya kijiti na pampu isiyo yake atahangaika wiki nzima akisafisha kabureta. Kijiti kikifika juu kabisa kinapaswa kuchomoza kama milimita 13, na kipimo hicho hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza gasketi chini ya pampu. Kikichomoza kupita kiasi, msukumo huzidi, sindano ya kwenye chemba ya floti hushindwa kufunga, na petroli humwagika ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana fundi makini hunusa kijiti cha kupimia oili kabla ya kukirudisha.

Kuna gari linalokwenda vizuri kilomita kadhaa, likazimika, likapumzika, kisha likawaka bila kuguswa. Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ikisikika hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na pampu imekuwa ikishindana na tangi lisilopata hewa. Ikiwa siyo hivyo, na jua ni kali, huenda petroli imechemka na kugeuka mvuke ndani ya pampu au bomba lililo karibu na injini. Kitambaa chenye maji baridi kikiwekwa juu ya pampu humaliza ubishi huo baada ya dakika chache.

Petroli ikifika salama na gari likaendelea kusumbua, sasa kabureta ifunguliwe. Gari linalokimbia vizuri lakini linazimika ukiachia akselereta kwa kawaida limeziba jeti ndogo ya sailensa. Kabureta nyingi za Solex zina pia vali ndogo ya umeme inayoruhusu petroli ya sailensa: ufunguo ukiwashwa na waya wake ukagusishwa, inapaswa kusikika ikigonga. Jeti isichokonolewe kwa waya kamwe. Namba 125 iliyochongwa juu yake maana yake ni tundu la milimita 1.25, na shaba ni laini. Waya hulipanua, na gari linaanza kunywa mafuta. Kupuliza kwa upepo kunatosha.

Plagi nyeusi zenye masizi huonyesha petroli imezidi. Ila gari lililopimwa Mombasa likipanda hadi Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hukuta hewa nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita, na masizi kidogo hapo si ugonjwa.

Jambo la mwisho linahusu uhai. Wengi hufunga filta ya plastiki kati ya pampu na kabureta, juu ya distribyuta. Kibomba cha shaba kinachopokea petroli kwenye kabureta kimeshindiliwa tu, na uzito wa filta ukichangiana na mtetemo kinaweza kuchomoka. Petroli inayomwagika juu ya distribyuta yenye cheche imeteketeza Beetle nyingi. Filta ikae kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini, na kibomba hicho kitikiswe kwa vidole kila gari linapofanyiwa sevisi.